Sufuria ya Makobola na Shimo Lisilorudisha Mwanga

Sufuria ya alumini ikianguka mlimani hailii mara moja. Inalia, inanyamaza ikiwa hewani, halafu inalia tena chini zaidi, na kila ikinyamaza unadhani imefika, kumbe bado. Sauti hiyo naijua kuliko kengele ya kanisa. Hapa Rugenge, mjini Uvira, ninapoishi sasa kwa mwanangu Samweli, jirani akidondosha hata bakuli mimi tayari nimesimama mlangoni. Wajukuu wananicheka. "Koko, kaa, iko bakuli tu." Huku kwetu bibi anaitwa Koko, na Koko akishtuliwa na bakuli watoto wanasema ni uzee. Wananicheka pia kwa jambo jingine: nikiweka sufuria chini, mkono wangu mmoja haubanduki kwenye sikio lake, na kila kitu kingine nakifanya kwa mkono uliobaki. Sikuwahi kuwaambia sababu. Sababu yenyewe ilianzia Makobola, kando ya ziwa, katika miaka ile ya uhuru na maasi, nikiwa msichana wa miaka kumi hivi, na nisingeiandika hata leo kama mjukuu wangu Neema, anayesoma fizikia chuoni Bukavu, asingerudi likizo na habari za mashimo meusi ya angani. Shule yangu ilikuwa miaka minne na kidogo. Nitaandika kama ninavyoongea. Lakini majina ninayo yote.

Makobola ya utoto wangu ilinuka ndagala, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, walioanikwa mchangani tangu jua linapochomoza. Ukipita na nguo safi ulirudi nyumbani unanuka samaki, na hakuna aliyejali, kwa sababu mgeni tu ndiye alikuwa na pua. Sisi wasichana kazi yetu ilikuwa vyombo. Tulivipeleka ufukweni, tukavisugua kwa mchanga na majivu mpaka vikang'aa, kisha kila kimoja tulikikalisha. Kukalisha sufuria ni hivi: unaiweka kwenye mchanga uliolowa, unaishika masikio yote mawili, unaizungusha mara mbili kwenda kulia, na unaiachia. Inauma mchanga. Wimbi likija linapita pembeni na sufuria haitikisiki. Mama Sifa, mke wa mvuvi Mzee Byaombe, alikuwa na tabia ya kupita nyuma yetu akizisukuma sufuria kwa mguu kuona kama zimekaa. "Hii ni ya nani? Mume wako ataoga mu ziwa akitafuta sahani!" Mikono yangu ilijifunza kuzungusha mara mbili kabla kichwa changu hakijajifunza kuhesabu mbili.

Mwalimu wetu aliitwa Yeremia wa Asukulu. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la kaki lilikuwa limeshonwa begani kwa uzi mweupe, na akitembea alikuwa akiinama mbele kidogo kama mtu anayepanda mlima hata pale kwenye tambarare. Mkewe Debora alikuwa mfupi na mcheshi, na watoto tulipenda kumwona akimrekebishia kola mumewe mbele ya darasa zima. Mwaka wa uhuru, ambao watu wa kwetu waliuita dipanda, kila mtu alikuwa akisema kila kitu kitabadilika. Binamu yangu Amisi aliinua mkono darasani akauliza, "Mwalimu, dipanda ikifika, tutaendelea kulima?" Mwalimu akamwambia, "Mutalima, Amisi. Na jiwe litaendelea kuanguka." Akapanda juu ya meza yake akiwa na jiwe kubwa kama mkate mkono mmoja na kokoto mkono mwingine. Akatuuliza lipi litafika kwanza. Tukapiga kelele, jiwe kubwa! Akayaachia. Yakagonga sakafu pamoja, tok, mara moja. Tukamwambia amedanganya. Akarudia. Akamwita Amisi naye aachie kwa mkono wake mwenyewe, na yakagonga pamoja tena.

Alisema ni dunia inayovuta vitu, na akaandika ubaoni neno la Kifaransa, akalitamka pezanteri. Mimi nikauliza inavuta kwa kamba gani. Akasema hakuna kamba. Nikauliza, "Sasa inashika na nini? Na ni nani anavuta?" Watoto wakaanza kunizomea, maana nilijulikana kwa maswali ya kuchosha. Mwalimu hakucheka. Alishuka mezani, akafuta vumbi la chaki kwenye suruali, akangoja mpaka wazomeaji wakanyamaza. Kisha akasema, "Hiyo, Estere, sijui. Na mu kitabu changu, mutu aliyeandika hesabu yake alisema yeye pia hajui." Hatukuwahi kumsikia mwalimu yeyote akisema sijui. Furaha, dada yake Amisi, alinong'ona kwamba huyu basi afukuzwe kazi. Mimi nilitoka darasani nikiwa na furaha ambayo sikuielewa, kama mtu aliyepewa kitu kikubwa akabebe mwenyewe.

Miaka michache baadaye bunduki zikafika kwenye barabara ya Fizi. Sitasema zilikuwa za nani. Leo walipita hawa, kesho wale, na kila kundi lilipopita liliuliza kwa nini mliwapikia wenzao. Baba yangu alikuwa bondeni kwenye mashamba ya pamba karibu na Katogota, na njia ikafungwa akiwa huko. Asubuhi moja tulisikia magari mengi yakitoka upande wa Uvira, na bila kuambiana watu wakaanza kupanda. Yeyote aliyewahi kuiona pwani yetu anajua mlima ulivyo: barabara, nyumba chache, halafu ukuta wa mawe na majani unaokwenda juu moja kwa moja. Sisi wa ziwani hatukuuzoea. Miguu yetu ilijua mchanga.

Tulikuwa kumi tuliovuta pumzi. Mama yangu Riziki binti Mlondani. Mimi. Mdogo wangu Bahati, ambaye alikuwa bado ananyonya. Shangazi Nabintu na watoto wake, Furaha na Amisi. Mzee Byaombe na Mama Sifa. Mwalimu Yeremia na Debora. Wa kumi na moja alikuwa tumboni mwa Debora, miezi saba. Tulipata mahali chini ya mwamba, ukingo mwembamba, upana wake hauzidi vitanda viwili, na mbele yake mteremko wa kokoto unaoshuka mpaka barabarani. Ukikaa pale uliona ziwa lote, uliona milima ya Burundi ng'ambo, na uliona kipande cha njia ya miguu kikishuka hadi kwenye jiwe jeupe. Baada ya jiwe jeupe njia ilikata kona na hukuona kitu tena, ila ulisikia. Na waliokuwa chini walitusikia vilevile. Hilo tulilijua siku ya kwanza, Amisi alipoteleza na kokoto moja tu ikashuka. Ilikwenda ikichukua nyingine, na nyingine, mpaka mlima mzima ukawa kama unakohoa. Chini mtu akapiga kelele, "Nani huko?" Tukalala kifudifudi mpaka jua likatupita.

Kuanzia hapo Mzee Byaombe akachukua uongozi. Alisema mahali pale ni mtumbwi uliosimama wima, na mu mtumbwi kila kitu kinafungwa. Alichuna maganda ya migomba tuliyobebea mizigo, akasokota kamba, akafunga jembe, akafunga kibuyu cha maji, akafunga sufuria yetu moja kwenye mzizi kwa sikio lake, akamfunga Bahati kiunoni mwa mama. Akafunga hata fimbo yake kwenye mguu wake mwenyewe.

"Na mdomo wako utaufunga na nini?" Mama Sifa akamuuliza kwa sauti ya chini.

"Wako kwanza," akajibu mzee. "Kamba ikibaki, tutaona."

Tulicheka bila kutoa sauti, mabega tu yakitikisika, na ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka tukicheka wote kumi. Siku zilifuatana. Hatukuogopa njaa wala baridi kama tulivyoogopa kile alichotufundisha Mwalimu darasani. Kila kitu pale kilitaka kwenda chini. Kikombe kilitaka kwenda chini, ganda la muhogo lilitaka kwenda chini, usingizi ukikuchukua hata mguu wako ulianza kwenda chini peke yake. Ulihisi kama kuna mkono uliokaa pale barabarani kati ya wale wenye bunduki, unavuta polepole, hauchoki, haugeuki kutazama pembeni. Mama alinishika nguo hata nilipokwenda kujisaidia nyuma ya mwamba.

Tulipika mara moja kwa siku, mchana, kwa vijiti vikavu sana visivyotoa moshi, na jua kali lilifanya hewa yote icheze kwa hiyo hata moshi mwembamba haukuonekana. Siku ya tisa tulikula ugali wa mwisho. Watu wakalala kifudifudi kama kawaida, nyuso zikielekea mwamba kukwepa jua. Mama alinipa sufuria niisugue. "Kamba kwanza," alinong'ona, maana ya kwamba nisiifungue. Lakini ile kamba ilinisumbua, ilikuwa inaingia kwenye ugali ulioganda, na nilitaka kumaliza haraka. Nikaifungua. Nikasugua kwa changarawe na majani mpaka ndani pakang'aa. Na nilipomaliza, mikono yangu ikafanya kile ilichokijua. Niliikalisha. Niliizungusha mara mbili kwenda kulia juu ya zile kokoto, kama iko mchangani Makobola, nikaiachia, nikageuka kuchukua mfuniko.

Haikuuma kitu. Nilisikia mkwaruzo mdogo. Nilipogeuka ilikuwa imeshafika ukingoni, imeinama, na kwa muda mfupi ilikuwa kama inafikiri. Mama aliona. Yeye peke yake alikuwa amegeuza uso upande wangu. Alinyoosha mkono na Bahati akiwa kiunoni, vidole vyake vikagusa hewa, na sufuria ikaenda. Ikalia. Ikanyamaza. Ikalia chini zaidi. Nilikuwa nimeshika mfuniko kwa mikono miwili kifuani. Ikalia tena, ikanyamaza muda mrefu, tukadhani imefika, kumbe bado. Ya mwisho ililia kwenye mawe ya barabara, ikazunguka kwa makalio yake, wa-wa-wa-wa, mpaka ikatulia.

Chini wakaanza kuitana. Tulisikia mtu akisema kwa wazi kabisa, "Sufuria! Iko moto ingali!" Mwingine akasema wapande. Mzee Byaombe alifumba macho. Shangazi Nabintu aliwafunika watoto wake kwa mwili wake, kama kwamba mwili wa shangazi ungezuia kitu. Ndipo Mwalimu Yeremia akainuka, akakaa, akavaa viatu vyake, akafunga kamba zake vizuri kama mtu anayekwenda shuleni.

"Sufuria haina miguu," alisema. "Watamutafuta mwenyewe. Wakimupata mmoja, hawatatafuta kumi."

Debora akamshika kola. Mwalimu akavifungua vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akatembea kwa kuinama hadi mwanzo wa njia, na mwanzo wa njia ulikuwa pale nilipokaa mimi. Akauona mfuniko mikononi mwangu. Alinitazama. Akanyoosha mkono akauchukua ule mfuniko, taratibu, usigonge jiwe, maana mwenye sufuria lazima awe na mfuniko wake. Akainama karibu na sikio langu akasema maneno ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia: "Bitu binaanguka, Estere. Umwambie Debora asiulize nani."

Akashuka. Hakujificha. Alikuwa akiita tangu juu, "Yangu hiyo! Niko peke yangu, minye mwalimu, niliponyokwa!" Tulimwona akipungua, shati la kaki, uzi mweupe begani. Alipofika kwenye jiwe jeupe aliinua mfuniko juu ya kichwa ili waone hana kitu kingine, na jua likaupiga, na mwanga wake ukatufikia usoni huko juu tulikolala. Halafu akakata kona. Tulisikia sauti, maswali, sauti yake ikijibu. Tulingoja mlio wa bunduki. Haukuja. Ulikuja mlio wa motokari ikiwaka, ikaondoka, na haikurudi. Hakuna aliyepanda.

Hapo ndipo Debora akageuka kutoka ukingoni akatutazama wote. "Nani aliiachia?"

Nilikuwa na jibu la mumewe sikioni, la joto bado. Asiulize nani. Ilitosha kuyasema maneno hayo mawili. Lakini kuyasema ilikuwa ni kusema kwa nini Mwalimu alisimama kwangu, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama jiwe lile la darasani. Mama akasema, "Ni minye." Bila kunitazama. "Mutoto alikuwa ananisumbua kiunoni, nikaiachia." Debora alimtazama Mama kwa macho ambayo sijayaona tena kwa binadamu. Baadaye, tulipokuwa peke yetu, nilianza kulia, na Mama akaniziba mdomo kwa kiganja chake kilichonuka majivu. "Kaa kimya. Weye uko na maisha marefu ya kuibeba hii. Yangu imebaki mafupi."

Hayakuwa mafupi. Tuliteremka, vita vikahama, Baba akarudi amekonda, shule haikufunguliwa kwa muda mrefu na ilipofunguliwa mimi sikurudi. Debora alizaa msichana, akamwita Asukulu, jina la baba wa mumewe. Alimtafuta mumewe Fizi, akamtafuta Uvira, akaandika kwa wakubwa, akauliza kila aliyerudi kutoka kila gereza. Hakupata mtu aliyemwona. Hakupata kaburi, hakupata shati, hakupata hata mwongo mmoja wa kumdanganya vizuri. Na hakupokea tena chakula kutoka mkononi mwa mama yangu. Walikutana kisimani, kanisani, misibani, na Debora alihamisha macho yake kama mtu anayeruka dimbwi. Miaka ilipita, Asukulu akazaa binti, na binti huyo akapendana na mwanangu Samweli. Siku ya harusi yao Debora alikuja, akakaa upande wa pili, na sahani aliyopelekewa na Mama aliisukuma kwa kidole kimoja mpaka ukingo wa meza. Mama aliiona ikifika ukingoni. Wote wawili walikufa hivyo. Mama alitangulia, Debora akafuata, na mimi nilikuwa kwenye mazishi yote mawili nikiwa nimebeba yale maneno mawili.

Neema ni mtoto wa Samweli, kwa hiyo ni damu yangu na ni damu ya Mwalimu Yeremia. Hilo analijua. Analojua kuhusu sufuria ni lile lililosimuliwa upande wa mama yake: kwamba bibi yule wa upande wa pili, yaani mama yangu, aliiachia kwa uzembe. Juzi tulikuwa ukumbini tukimenya mihogo, naye akatoa sumaku aliyoipata kwenye redio iliyokufa, akaisogeza juu ya pini iliyokuwa sakafuni. Pini ikaruka ikashika. "Unaona, Koko? Dunia yote hii inavuta hiyo pini chini. Milima, ziwa, Burundi yote. Na kasumaku ka redio kameishinda." Akasema uvutano, ile pezanteri ya babu yake, ni nguvu dhaifu kuliko zote zinazojulikana, dhaifu mno, na kwa nini iko dhaifu hivyo hakuna anayejua.

Nilikasirika, na hasira yenyewe ilinishangaza. "Dhaifu?" nikamwambia. "Weye hujawahi kukaa juu yake." Akacheka, akadhani natania. Nikamuuliza lile swali langu la zamani, inashika na nini, nani anavuta. Akasema mtu wa hesabu za kwanza hakujua. Wa pili, aliyekuja baada ya miaka mingi, alisema hakuna anayevuta, ila mahali penyewe panapinda, kama wavu ulioshikwa kwa pembe nne ukatupiwa jiwe katikati, na kila dogo lililo juu ya wavu linateremkia humo. Hesabu hiyo inafanya kazi vizuri sana kwa vitu vikubwa. Kwa vile vidogo kabisa kuna hesabu nyingine, nayo inafanya kazi vizuri sana. Kila moja inasema kweli nyumbani kwake. Ukizikutanisha zinatoa jibu la wazimu. Nikamuuliza zinakutana wapi. Akaacha kumenya.

"Mu shimo jeusi, Koko." Akanieleza kwamba nyota kubwa sana ikimaliza moto wake inaweza kujiangukia yenyewe, inajibana, inajibana, hakuna wa kuizuia, mpaka uvutano wake unakuwa mkubwa hata mwanga hautoki. Katikati kabisa hesabu inakatika. Hawajui kuna nini. Kuzunguka shimo kuna mpaka, hauna ukuta wala alama, na ukishauvuka hakuna njia ya kurudi wala ya kutuma neno. Halafu akasema jambo lililofanya kisu kinidondoke. Anayeanguka mwenyewe anavuka na kuendelea. Lakini sisi tunaotazama kutoka mbali hatumwoni akivuka. Tunamwona anapunguza mwendo, anapunguza, anakuwa kama amesimama pale pale mpakani, na mwanga wake unageuka mwekundu na kufifia.

Nilimwona. Miaka sitini na zaidi nimekuwa nikimwona, amesimama kwenye jiwe jeupe, mfuniko juu ya kichwa, hajakata kona. Sikujua kama kuna watu wa hesabu wanaojua kitu kama hicho. "Na habari zake?" nikauliza. "Yule aliyevuka. Alikuwa nani, alibeba nini, alisema nini. Inapotea?"

"Hapo ndipo wanapogombana," Neema akasema. "Hesabu moja inasema inapotea kabisa. Ile nyingine inasema haiwezekani, habari ya kitu haiwezi kufutika duniani. Wengi leo wanadhani inatoka, lakini kidogo kidogo mno, kwa muda mrefu kuliko tunavyoweza kufikiri, na imechanganyika hivyo kwamba nani ataisoma? Namna inavyotoka, hakuna anayejua bado."

Nikamwambia aweke kisu chini. Nikamwambia yote, kama nilivyoyaandika hapa: mchanga wa Makobola, mizunguko miwili, mkono wa Mama uliogusa hewa. Nikamwambia, "Aliyeiachia ni minye." Kisha nikampa yale maneno, kwa sababu Debora hayupo, na binti yake Asukulu hayupo, na yeye ndiye wa damu yao aliyekaa mbele yangu. "Babu yako alisema: Asiulize nani." Nilimtazama Neema usoni nikitafuta yale macho ya Debora, na ninakiri niliyaona, kwa muda. Akatazama upande wa ziwa. Nikaanza kujitetea, kwamba nilikuwa mtoto, na nikajinyamazisha mwenyewe kwa sababu hata Mama hakuwahi kujitetea.

Alipozungumza hakuuliza nani, wala hakuuliza kwa nini nilinyamaza. Aliuliza, "Alikuwa anatembeaje?" Hawana picha yake hata moja. Nikamwambia alikuwa akiinama mbele, kama anapanda mlima, hata kwenye tambarare. Akauliza sauti yake. Akauliza ule uzi mweupe ulikuwa bega gani. La kushoto, nikasema. Akauliza mpaka jua likahamia ukuta wa pili, na kila alipouliza nilikuta jibu liko pale, halijaharibika.

Leo Makobola ina simu, watoto wake wanasoma habari za nyota kwenye kioo kidogo cha mkononi, na bado kuna asubuhi ambazo magari yakisikika mengi mno watu wanafunga vyombo na kutazama mlima. Wakati wangu mwalimu mmoja alisema sijui na darasa likashangaa. Leo Neema ananiambia wakubwa wote wa hesabu wanasema sijui, na wanaiandika vitabuni bila aibu. Mimi nilijua na sikusema. Sijui ni lipi kubwa.

Jioni ile tulipika pamoja. Ugali ulipoiva niliinua sufuria kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, nikaiweka sakafuni, mkono wangu ukabaki kwenye sikio lake kama kawaida, na chumvi ilikuwa mbali, kwenye rafu ya upande wa pili. Wajukuu wadogo wakaanza kucheka, wakingoja kuona Koko atafanyaje. Neema alichuchumaa mbele yangu. Akaweka mikono yake miwili kwenye masikio ya sufuria, mmoja ukawa juu ya wangu.

"Nimeishika," alisema. "Achia, Koko."

Nikaachia.